Namna ya Kusoma Hatia, Maumbile na Maadili katika Ushairi wa Ulimbwende: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza, na hata watu wazima wanaojisomea wenyewe, huuliza maswali yaleyale kila wanapofika kwa washairi wa ulimbwende (Romanticism, mkondo wa fasihi wa mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19) wa Uingereza. Kwa nini kumuua ndege mmoja kuwe kosa la kutetemesha bahari nzima? Mlima unawezaje kumfuata mtu? Na kama funzo la shairi limeandikwa wazi katika beti za mwisho, kwa nini mwalimu hakubali jibu linalonukuu beti hizo tu? Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa kukufanyisha kazi, si kwa kukusimulia nadharia.

Uwanja wetu wa mazoezi ni tungo mbili. Ya kwanza ni "The Rime of the Ancient Mariner" ya Samuel Taylor Coleridge, ambayo hapa nitaiita Baharia Mkongwe. Ya pili ni kisa cha mashua iliyochukuliwa kwa siri, kinachopatikana katika Kitabu cha Kwanza cha "The Prelude", utenzi mrefu wa William Wordsworth kuhusu makuzi yake mwenyewe. Tutagusa pia "Nutting" ya Wordsworth na "Manfred", tamthilia ya kishairi ya Byron, pale zitakapohitajika. Msimamo ninaoutetea ni huu: katika tungo hizi maumbile hayamfundishi mtu maadili kama mwalimu aliyesimama mbele ya darasa. Kinachotokea kwanza ni kwamba hatia inabadili jicho la mwenye kutazama. Maadili huja baadaye, na mara nyingi huja kwa kinywa cha mhusika ambaye msomaji anapaswa kumhoji kabla ya kumwamini.

Mahitaji kabla ya kuanza

Tafuta matini kamili yenye namba za mishororo, na uhakikishe unajua ni toleo la mwaka gani. Jambo hili si la urembo. Baharia Mkongwe lilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1798 katika "Lyrical Ballads", mkusanyiko wa Coleridge na Wordsworth uliotoka bila majina ya watunzi. Likarekebishwa mwaka 1800. Kisha mwaka 1817 likaongezewa maelezo ya pembeni yanayotembea sambamba na beti. "The Prelude" nayo ina matoleo makuu matatu, la 1799, la 1805 na la 1850, na hili la mwisho lilitolewa baada ya Wordsworth kufariki mwaka huohuo.

Uwe na penseli za rangi mbili, daftari na kamusi nzuri. Uwe pia na ufahamu kidogo wa Ukristo wa Ulaya kabla ya Matengenezo ya karne ya 16, hasa kuungama, kitubio na maombezi ya watakatifu, kwa sababu Baharia anaishi katika ulimwengu huo hata kama mtunzi wake aliishi miaka mingi baadaye. Wasifu wa mshairi hauuhitaji kwa sasa. Uweke kando, na nitaeleza sababu mbele.

Hatua ya 1: Soma shairi lote kwa sauti, kisha andika kisa bila kukifasiri

Baharia Mkongwe lina sehemu saba, na kulisoma kwa sauti huchukua kama nusu saa. Ni baladi, yaani shairi la masimulizi lenye beti fupi, nyingi zikiwa za mishororo minne, na kasi yake ni sehemu ya maana yake, kwani msikilizaji husukumwa mbele kabla hajapata nafasi ya kuuliza sababu. Ukisimama kwenye kila neno gumu utaipoteza kasi hiyo. Pigia mstari maneno usiyoyajua na uyarudie baadaye.

Ukimaliza, andika kisa chenyewe kwa sentensi chache. Kwa mfano: mzee mwenye macho ya kung'aa anamzuia mtu mmoja kati ya watatu wanaokwenda harusini. Anamsimulia jinsi merikebu yao ilivyosukumwa kusini hadi kwenye barafu, jinsi albatrosi, ndege mkubwa wa baharini, alivyowajia kutoka kwenye ukungu, na jinsi yeye alivyompiga kwa upinde. Merikebu inakwama baharini bila upepo, wenzake wanamvika shingoni mzoga wa ndege, na baada ya kiu kali mabaharia hao mia mbili wanakufa huku wakimlaani kwa macho, naye anabaki peke yake. Siku moja anawabariki nyoka wa majini bila kukusudia, na mzoga ule unaanguka kutoka shingoni mwake. Anarudishwa kwao, na tangu hapo anatembea nchi hadi nchi akisimulia.

Kisa cha mashua ni kifupi zaidi. Jioni ya kiangazi mvulana anafungua mashua ya mtu mwingine kando ya ziwa, anapiga makasia huku amekaza macho kwenye ukingo wa mawe ulio upande wa ufuoni, na ghafla jabali kubwa jeusi linainuka nyuma ya ukingo huo. Anageuza mashua akitetemeka, anairudisha ilipokuwa, na kwa siku nyingi akili yake inasumbuliwa na maumbo makubwa yasiyoishi kama waishivyo binadamu.

Onyo: usiandike neno "inaashiria" katika hatua hii. Wanaoanza na ishara huishia kulisoma daftari lao badala ya shairi.

Hatua ya 2: Tenga mambo manne: kosa, hatia, adhabu na kitubio

Chora safu nne katika daftari. Kosa ni tendo lenyewe. Hatia ni hali ya nafsi inayomsuta mtendaji. Adhabu ni kile kinachomfika kutoka nje. Kitubio ni kile anachofanya, au anacholazimishwa kufanya, ili kulilipia kosa. Wasomaji wengi huyachanganya yote manne kwa jina moja la hatia, na hapo ndipo insha zao zinapoanza kuyumba.

Ukijaza safu hizi kwa uangalifu utaona kwamba hazifuatani kama unavyotarajia. Katika sehemu ya kwanza ya Baharia Mkongwe, yule mwalikwa wa harusi anashtushwa na uso wa mzee na kumwuliza kwa nini anatazama namna hiyo, kana kwamba anasumbuliwa na mashetani. Ni baada ya swali hilo ndipo mzee anasema, kwa mshororo mmoja na nusu tu, kwamba alimpiga albatrosi kwa upinde wake. Hatia imeonekana usoni kabla kosa halijatajwa kwa ulimi. Vilevile katika kisa cha mashua, Wordsworth analiita tendo lile la siri na la raha yenye wasiwasi tangu mashua inapoanza kusogea, kabla jabali lolote halijainuka. Kwa hiyo anayedai kwamba mlima ndio uliomletea mvulana hatia amesoma kinyumenyume. Mlima ulimkuta nayo.

Zingatia pia kile ambacho hakipo. Baharia hatoi sababu ya kumuua ndege: si njaa, si hasira, si hofu. Usimtungie sababu. Pengo hilo limeachwa makusudi, na kazi yako ni kueleza linafanya nini kwa msomaji badala ya kuliziba.

Hatua ya 3: Fuata vitenzi na uangalie nani anatenda

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayorukwa zaidi. Chukua penseli mbili. Kwa rangi ya kwanza, pigia mstari kila kitenzi ambacho mtendaji wake ni binadamu. Kwa rangi ya pili, pigia mstari kila kitenzi ambacho mtendaji wake ni kitu cha maumbile: mlima, maji, mwezi, upepo, mnyama. Kisha weka alama kubwa mahali kosa linapotendeka, na ulinganishe pande mbili za alama hiyo.

Katika kisa cha mashua matokeo yanaonekana mara moja. Mwanzoni mvulana ndiye mwenye vitenzi: anafungua, anasukuma, anapiga makasia kwa nguvu, anachagua mahali pa kukazia macho, na mashua yake inakwenda majini kama bata-maji mweupe. Kisha jabali linainua kichwa. Yeye anapiga makasia tena na tena, lakini sasa kila anachofanya kinazidisha ukubwa wa kile kinachomtisha: jabali linakua, linasimama kati yake na nyota, linamfuata kwa hatua zilizopimwa kama kitu chenye uhai. Vitenzi vimehama kutoka kwa mtu kwenda kwa mlima.

Sasa uliza swali la kimwili kabisa: ni nini hasa kilichotokea ziwani? Mpiga makasia hukaa akiutazama ufuo anaouacha. Anapokuwa karibu na ufuo, ukingo wa mawe ulio mbele ya macho yake huficha milima iliyo nyuma yake. Kadiri anavyokwenda mbali, kilele cha nyuma huonekana kikichomoza juu ya ukingo, na kila kasia linapopigwa kilele hicho huzidi kurefuka. Hakuna muujiza. Jabali "linamfuata" kwa sababu yeye anakimbia, na angetulia nalo lingetulia. Wordsworth ameeleza jambo la macho kwa usahihi mkubwa, kisha akaliacha lielezwe na mvulana mwenye wasiwasi. Ukilieleza hilo katika insha yako, umeeleza uhusiano wa hatia na maumbile vizuri kuliko kurasa nzima za maneno kuhusu "nguvu za maumbile".

Katika Baharia Mkongwe, fanya zoezi hilohilo kwa viumbe vya baharini. Kabla ya mageuzi ya sehemu ya nne, bahari inaoza, na vitu vya utelezi vinatambaa kwa miguu juu ya maji ya utelezi. Baharia analalamika kwamba watu wazuri wamelala wafu, ilhali vitu vya utelezi elfu kwa maelfu vinaendelea kuishi, na yeye pia. Maneno hayo matatu ya mwisho ni mazito: amejihesabu pamoja na anachokichukia. Baadaye viumbe hao wa majini wanaonekana kwa mwanga wa mwezi wakiwa na rangi ya buluu, kijani king'aacho na weusi wa mahameli, na kila wanapopita wanaacha mwako wa dhahabu. Bahari ni ileile. Kilichobadilika ni mwanga na anayetazama.

Onyo: kutaja "tashihisi" na kuhamia ubeti unaofuata hakutoshi. Tashihisi, yaani kukipa kitu kisicho mtu sifa za mtu, ni jina la mbinu tu. Sema ni nani anayeupa mlima uhai, wakati gani, na kwa nini hakuupa uhai huo beti chache kabla.

Hatua ya 4: Pima uzito wa kosa dhidi ya uzito wa adhabu

Andika kosa upande mmoja na adhabu upande wa pili. Katika "Nutting", shairi alilolitunga Wordsworth mwaka 1798 akiwa Ujerumani na kulichapisha mwaka 1800, mvulana anaingia kwenye kichaka cha miti ya njugu ambacho hakijaguswa na mtu, anakaa kwa utulivu, halafu anavunja matawi kwa ukatili. Malipo yake ni maumivu anayoyahisi anapoiona miti iliyonyamaza na anga lililoingia pale ambapo zamani palikuwa na majani. Mizani inakaribiana. Msomaji anaelewa.

Katika Baharia Mkongwe mizani inavunjika kabisa. Ndege mmoja ameuawa, na watu mia mbili wanakufa. Aliyeua anabaki hai. Wenzake hawakushika upinde. Walichofanya ni kubadili maoni. Kwanza walimlaumu kwa kumuua ndege aliyeleta upepo. Ukungu ulipoondoka na jua kung'aa, wakasema alifanya vyema kumuua ndege aliyeleta ukungu. Maelezo ya pembeni ya 1817 yanasema kwamba kwa maneno hayo walijifanya washiriki wa kosa. Sawa, lakini je, kifo ndicho malipo ya kuwa kigeugeu? Na kuna jambo gumu zaidi: hatima yao inaamuliwa kwa mchezo wa dadu. Merikebu ya mizimu inakuja na abiria wawili, Kifo na mwanamke ambaye toleo la 1817 linamwita Uhai-ndani-ya-Kifo, nao wanacheza dadu. Mwanamke anatangaza kwamba ameshinda, na maelezo ya pembeni yanatufafanulia kwamba aliyemshinda ni Baharia.

Msomaji anayetaka kulieleza shairi hili kama kisa cha haki iliyotendeka lazima azieleze dadu hizo, na wengi huziruka. Nakushauri usizifiche. Mwenyewe Coleridge aliulizwa kuhusu maadili ya shairi lake. Mwaka 1830 alisimulia kwamba mshairi Anna Barbauld alimlalamikia kuwa halina funzo. Jibu lake lilikuwa kwamba, kwa maoni yake, lina funzo kupita kiasi, na kwamba lilipaswa kuwa kama kile kisa cha Alfu Lela u Lela, cha mfanyabiashara aliyekaa kando ya kisima akila tende na kutupa kokwa, mara jini akatokea na kusema lazima amuue kwa sababu kokwa moja imempofusha mwanawe jicho. Msomaji wa Kiswahili aliyekua akisikia visa hivyo yuko mahali pazuri kulielewa jibu hilo: tende ziliwa bila nia mbaya, jicho likapotea kwelikweli, na kati ya mambo hayo mawili hakuna uwiano wa haki unaoweza kuhesabika. Hatia ya Baharia inafanana na hali hiyo. Hailingani na nia yake, kwa sababu hatujui nia yake. Inalingana na madhara asiyoweza kuyarudisha.

Hatua ya 5: Tafuta mahali mzigo unapopungua, na uulize unapungua kwa kiasi gani

Katika kila utungo wa aina hii weka kidole mahali nafsi inapopata nafuu, kama ipo. Kwa Baharia ni pale anapowabariki nyoka wa majini. Soma ubeti huo polepole. Chemchemi ya upendo inabubujika moyoni, na mara mbili katika ubeti mmoja anasema aliwabariki bila kujitambua. Kabla ya hapo alijaribu kusali kwa makusudi, akashindwa. Mnong'ono mwovu ukaukausha moyo wake. Kwa hiyo nafuu haikuja kwa uamuzi, wala kwa funzo alilokumbuka, bali kwa jicho lililoona uzuri kabla akili haijaingilia. Dakika hiyohiyo anaweza kusali, na albatrosi anaanguka baharini mzito kama risasi.

Wasomaji wengi hufunga daftari hapa, wakidhani msamaha umekamilika. Zimebaki sehemu tatu nzima. Kati ya sauti mbili za kiroho zinazozungumza, moja inasema kwamba mtu huyu ametimiza kitubio, na bado ana kitubio cha kutimiza. Mtawa wa msituni anaombwa amwungamishe, na anachofanya ni kumwuliza yeye ni mtu wa namna gani. Swali hilo linamlazimisha Baharia kusimulia kwa mara ya kwanza, na tangu siku hiyo uchungu humrudia saa asiyoijua mpaka asimulie tena. Nafuu ya namna hii ina masharti, na masharti hayo ndiyo sababu shairi lipo: tunalolisoma ni kitubio chenyewe kikiendelea.

Ukitaka kuona utungo unaokataa nafuu, soma onyesho la pili la tendo la kwanza katika "Manfred" ya Byron, ya mwaka 1817. Manfred anasimama juu ya milima ya Alps, anakiri kwamba milima ni mizuri, na anasema hawezi kuipenda. Jicho linaona uzuri, lakini moyo hauufuati. Kuviweka visa hivi viwili pamoja kutakukinga na ile sentensi inayojirudia katika insha nyingi mno, kwamba kwa walimbwende maumbile huponya.

Hatua ya 6: Orodhesha waamuzi wote, kisha umhoji kila mmoja

Sasa tu ndipo unaporuhusiwa kugusa maadili. Andika kila hukumu inayotolewa ndani ya shairi, na mbele yake jina la anayeitoa, anayemwambia, na anachofaidika. Katika Baharia Mkongwe utapata mabaharia, ambao hukumu yao inafuata hali ya hewa. Roho wa ncha ya kusini, aliyempenda ndege ambaye naye alimpenda mtu aliyempiga. Mwandishi wa maelezo ya pembeni, anayesema kwamba Baharia alivunja ukarimu kwa kumuua ndege mcha Mungu mwenye bahati njema. Na Baharia mwenyewe, anayemwambia mwalikwa kwamba asaliye vizuri zaidi ni yule apendaye zaidi vitu vyote, vikubwa kwa vidogo.

Hizo si sauti moja. Anayesema ndege alikuwa wa bahati njema ni maelezo ya pembeni, huku beti zenyewe zikiwaonyesha mabaharia wakibishana kuhusu jambo hilohilo. Na maneno mazuri ya Baharia mwishoni yanatoka kwa mtu anayelazimishwa kusema, anayemwambia mgeni aliyezuiwa asiingie harusini. Kama upendo kwa viumbe vyote ndilo funzo kamili, tungetarajia mwalikwa aende kwenye sherehe akiwa na furaha zaidi, au aende kanisani kama Baharia anavyosifu. Hafanyi lolote kati ya hayo. Anaondoka kama mtu aliyepigwa na bumbuazi, na kesho yake anaamka mwenye huzuni zaidi na hekima zaidi. Funzo lililotamkwa halitoshi kueleza huzuni hiyo.

Nadhani sisi tuliolelewa na tenzi za waadhi huteleza hapa kuliko wengine. Katika Al-Inkishafi mshairi anauhutubia moyo wake mwenyewe, anauonyesha magofu ya Pate, na anachotaka tujifunze anakisema bila kuficha. Tumezoea kwamba beti za nasaha ndizo kilele. Ukileta mazoea hayo kwa Coleridge bila kuyachunguza, utaichukua nasaha ya mhusika kama neno la mwisho la mtunzi.

Hatua ya 7: Linganisha matoleo

Hapa ndipo toleo ulilochagua linapoleta faida. Muhtasari uliotangulia shairi mwaka 1798 unaeleza safari ya merikebu na kurudi kwa Baharia, bila kumtaja ndege. Ule wa mwaka 1800 unasema wazi kwamba Baharia alimuua ndege wa baharini kwa ukatili na kwa kudharau sheria za ukarimu. Kufikia mwaka 1817 muhtasari ulikuwa umeondolewa, na maelezo ya pembeni yakachukua nafasi. Maana yake ni kwamba hukumu iliongezwa kandokando ya shairi kadiri miaka ilivyopita.

Wordsworth naye alifanya jambo linalofanana. Toleo la 1805 linasema jabali lilimfuata mvulana kama kitu chenye uhai. Toleo la 1850 linaongeza kwamba ndivyo ilivyoonekana. Mvulana anaogopa bila kinga. Mzee anaongeza tahadhari. Insha inayonukuu toleo moja na kutaja mwaka wa jingine itakuwa imeharibu hoja yake yenyewe.

Hatua ya 8: Lete historia, lakini kwa ushahidi wa mshororo

Coleridge alitoa mhadhara dhidi ya biashara ya watumwa mjini Bristol mwaka 1795, na Bristol ilikuwa bandari kubwa ya biashara hiyo. Baadhi ya wahakiki husoma merikebu inayooza na mabaharia walionyamazia kosa kwa mwanga huo. Ni usomaji halali, mradi uonyeshe mishororo inayoubeba. Wazo la kumuua albatrosi lilitoka kwa Wordsworth, aliyekuwa amesoma kitabu cha safari za baharini cha George Shelvocke kilichochapishwa mwaka 1726, na Coleridge alikuwa hajawahi kusafiri baharini alipolitunga shairi. Hayo yanatosha.

Onyo: usieleze hatia ya Baharia kwa afyuni aliyotumia Coleridge. Maelezo hayo yanamhamisha msomaji kutoka kwenye shairi kwenda kwenye kitanda cha mgonjwa, na hayawezi kueleza kwa nini nyoka wa majini waonekane wazuri katika ubeti ule na si katika ubeti uliotangulia. Hii ndiyo sababu nilikuambia uuweke wasifu kando.

Hatua ya 9: Andika hoja inayoweza kupingwa

Sentensi dhaifu: "Shairi hili linatufundisha kuheshimu maumbile." Hakuna atakayeipinga, kwa hiyo haina kazi. Sentensi yenye nguvu: "Baharia anapata nafuu kwa kuona bila kukusudia, lakini anaeleza nafuu hiyo kama amri ya kupenda, na pengo kati ya mambo hayo mawili ndilo linalomhuzunisha mwalikwa." Sentensi ya pili inahitaji ushahidi wa sehemu ya nne na ya saba, na inampa msomaji wako nafasi ya kukukatalia. Jenga kila aya kwa mpangilio uliofuata katika daftari: tendo, jicho, adhabu, nafuu, hukumu.

Matatizo ya mara kwa mara na namna ya kuyatatua

*Sioni kosa lolote katika shairi nililopewa.* Huenda halipo. Si kila shairi la ulimbwende lina hatia, na kuilazimisha ni kosa baya kuliko kuikosa. Angalia kwanza kama kuna badiliko la namna ya kutazama. Kama lipo bila kosa, andika kuhusu kumbukumbu au kupotea kwa utoto, na uiache hatia.

*Nimepata wahakiki wawili wanaopingana, mmoja akiona wokovu wa Kikristo na mwingine akiona ulimwengu usio na haki.* Rudi kwenye safu zako. Wa kwanza amejengea sehemu ya nne na kuanguka kwa albatrosi. Wa pili amejengea dadu na vifo vya mabaharia. Eleza kila mmoja anaacha nini, kisha useme ni lipi kati ya yaliyoachwa lenye uzito zaidi kwako.

*Je, naruhusiwa kumhukumu Baharia kwa imani yangu?* Unaruhusiwa kuwa na hukumu, lakini ianze baada ya kueleza shairi linamhukumu kwa kipimo gani. Mwislamu, Mkristo na asiye na dini wanaweza kutofautiana kuhusu toba ya kweli na bado wakakubaliana kwamba Baharia alibariki kabla ya kusali.

*Kila nikieleza maumbile, ninaishia kusema ni "mazuri" au "ya kutisha".* Umeacha vitenzi na kushika vivumishi. Rudi Hatua ya 3 na uchague ubeti mmoja tu.

*Muda wa mtihani ni mfupi.* Acha Hatua ya 7 na ya 8. Chagua mahali pawili tu, pale kosa linapotendeka na pale nafuu inapokuja au inapokataa kuja, na ulinganishe vitenzi vya sehemu hizo. Ukibakiwa na dakika chache, ongeza sentensi mbili kuhusu nani anatoa hukumu ya mwisho na anamwambia nani.